Mzee wa Ghorofani Asiye na Meno

Tak. Tak. Tak-tak. Alfajiri haijaingia, nikadhani panya amerudi kabatini. Nikatoka na kandambili mkononi. Kumbe ni mjukuu wangu, yuko kwenye meza ya jikoni mbele ya kompyuta, anadonoa kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi.

"Bibi, weka kandambili chini. Kosa langu si kubwa hivyo."

Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mwokaji mikate wa mtaani alimwomba programu ndogo: skrini nyeusi, maandishi meupe, kila mstari jina la mteja, aina ya mkate na idadi. Mwokaji anaisoma huku mikono imejaa unga, anapakia vikapu.

"Ikimfaa, ananipa na kazi ya duka lake la pili," mjukuu alisema. "Isipomfaa, anarudi kwenye ubao na chaki."

Tatizo lilikuwa majina. Mwokaji huwaandika wateja vile anavyowaita. "Fundi Saa" hana shida. Lakini "Mzee wa Ghorofani Asiye na Meno" alisukuma mkate na idadi mpaka pembeni, safu zikapinda. Mjukuu alikuwa akizinyoosha kwa mkono, nafasi moja moja. Akija mteja mpya, zinapinda tena.

"Basi nayakata," akasema. "Herufi kumi na saba zinamtosha kila mtu."

Safu zikanyooka kama meno ya kitana. Mimi programu sizijui, lakini zilipendeza, nikamsifu, naye akamtumia mwokaji.

Jua lilipopanda, mwokaji akapiga simu. Hakufoka. "Binti yangu, njoo. Mzee wangu ameletewa mkate wa kuvunjia mawe."

Tukaenda wote wawili. Kumbe ghorofani wanakaa wazee wawili: mmoja ana meno yote na anapenda mkate mkavu, mwingine ndiye huyo asiye nayo. Baada ya kukatwa, wote wakawa "Mzee wa Ghorofani" tu. Mwokaji akabahatisha, akakosea.

"Tuwape namba," mjukuu akasema, macho chini. "Wa kwanza na wa pili."

"Hapana, mama. Jina hilo alijipa mwenyewe, siku lilipong'oka jino la mwisho. Tulicheka mpaka mkate ukaungua. Na safu nazitaka zinyooke, macho yangu si ya jana." Akapangusa unga kwenye stuli kwa aproni yake, akamsogezea. "Kaa. Sina haraka."

Mjukuu akakaa, akayapitia majina kwenye skrini. Kisha akacheka peke yake. "Nimeshona nguo kabla ya kupima watu!"

Akaandika upya. Sasa programu inapita kwanza kwenye majina yote, inatafuta lililo refu kuliko yote, ndipo inayapa yote upana huo. Jina fupi linajaziwa nafasi bila kuguswa kwa mkono. Idadi zinaegemea kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi.

Mwokaji akamjaribu. Akaongeza "Kinyozi Anayesema Kesho Kila Siku". Skrini nzima ikajisogeza pamoja, hakuna safu iliyopinda. Mwokaji akapiga makofi, unga ukatumwagikia.

"Duka la pili ni lako. Ila kwanza mpelekeeni mzee wangu huu." Akafunga mkate laini, wa moto bado.

Tukapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na ule mkate mkavu.

"Mkate huo umepata kazi," mzee akasema, akituona tunautazama. "Upepo haunisumbui tena."

"Nisamehe, babu," mjukuu akasema. "Nilikata jina lako."

"Ulikata wapi?"

"Kwenye meno."

"Aa! Huko wenzio walishapita zamani!"

Akacheka, ufizi wote nje. Akatuvutia viti, akamega mkate, kipande cha kwanza akampa mjukuu wangu. Tulikaa mpaka chai ikaisha. Tulipoinuka, akatusindikiza hadi kwenye ngazi, ameshika ukuta.

"Kesho msikosee," akasema. "Lakini njooni vilevile."