Ni Tube Gani Nilikunywa

…muzima, Audrey, niko muzima, eh Nyamuhanga, Mungu wetu, nilikunywa microbe! Usicheke kwanza! Issaka, dereva mwenye alinileta huku Beni, anarudi Butembo sasa hivi, moteri inawaka, donc niko naandika mbio.

Unajua nilitoka na tube mbili, zile chupa ndogo za labo, mu kartoni. Moja ni ya labo ya shule, ile microbe yetu ya mazoezi, haigonjweshe mutu. Ya pili ni ya mugonjwa mwenye alikuwa anahara damu. Nilitaka kuziangalia mu labo ya Beni, kwenye courant ya umeme iko, juu ya TFE yangu, kazi ya kumaliza masomo.

Mbele ya kufika, barrière ya basoda. Musoda mumoja anafungua kartoni, anabandua sparadrap, zile plasta zenye niliandika majina, eti pengine nimeficha dhahabu chini. Zote mbili, Audrey! Anatupa. Na mayi ya ndani inafanana, yote nyeupe-nyeupe kama ya kusukulia muchele.

Commandant wao akasoma makaratasi yangu ya TFE. « Toxine. Weye mwanamuke, uko nabeba sumu ya kuua batu yangu? »

Unanijua, mutu akiniuliza biologie sinyamazake. « Papa commandant, hapana! Ile sumu, microbe inaitengeneza ndani ya mwili yake yenyewe. Inatengeneza na dawa ya kuikamata. Dawa na sumu zinashikana, zinaenda kukaa juu ya ADN, ile kamba ya urithi ya microbe, pale pale kwenye maagizo ya kuzitengeneza iliandikwa. Vile zimekaa, maagizo haisomeke tena, kazi inasimama. »

« Na dawa ikipunguka? »

« Dawa inaoza mbio kuliko sumu. Sumu ikizidi, zinaachia ADN. Maagizo inasomwa tena, dawa mupya inatoka. Article ya huu mwaka 2001, papa, prof aliipata toka Bruxelles! »

Nyuma yangu Issaka ananong'ona: « Dada, nyamaza. Nyamaza, nakuomba. »

Commandant anacheka. « Donc sumu na dawa yake biko pamoja humu ndani? »

« Ndiyo, papa. »

« Basi haitakuua. Kwenu Banande, mwenye kukupa pombe ya kasikisi si anaonja wa kwanza? Mela! Kunywa! »

Nikamwambia ile dawa inalinda microbe tu, hapana mutu. Akasema: « Aah, sasa umegeuza? » Musoda akakoki bunduki. Ile mulio, Audrey, niliisikia mu meno.

Alinipa moja, yenye mukono wake ulikamata tu. Nikanusa. Nikaangalia mu jua. Sikujua. Nikakunywa yote.

Ya pili aliiponda na botte. Banikalisha saa nzima juu ya pneu ya gari, basoda yote banaangalia tumbo yangu kama beko nangojea goli. Kiisha: « Enda. Umeshinda concours. »

Gérard, infirmier wa hospitali ya hapa Beni, anasema kama ilikuwa ya mugonjwa, tumbo itaanza kukata kesho. Dawa ya kuhara damu imeisha hapa, na barabara ya Eringeti, kwenye dawa inapitiaka, imefungwa. Saa hii iko nanguruma, sijui ni woga, sijui ni njaa. Mama asijue!

Issaka anapiga klakson. Kesho Amisi, dereva mwingine, anashuka Butembo na gari yake, nitamupa barua ingine. Nitakuambia ilikuwa tube gani.