Sababu ya Wekundu

Jumatatu asubuhi, fundi cherehani alipomfuta mama yake uso, alikuta jicho la kushoto limeiva kwa damu. Alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya.

"Linauma?" daktari aliuliza. "Mwanga unakukera? Unaona ukungu? Linatoa tongotongo?"

Mama alikana yote. Daktari akaeleza kwamba kukohoa au kupiga chafya kwa nguvu huweza kupasua kimshipa, na damu hiyo huondoka yenyewe baada ya wiki mbili hivi. Vumbi na sabuni huwasha, vijidudu huleta tongotongo. Likianza kuuma au kuona kukififia, wawahi hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi akatoka kuchukua maji. Aliporudi, daktari alimwambia, "Ulipotoka, jicho liligeuka jeupe. Hebu toka tena."

Akatoka, likawa jeupe. Akaingia, likawa jekundu. Walirudia mara nne, maana daktari hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye cheti, penye sababu, akaandika: kifunguamimba.

"Usinune, mwanangu," mama alisema. "Macho hayana adabu."

Jumamosi akaja mdogo wake fundi, kitindamimba, ambaye nyumbani walimwita Tunu. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, mikono mitupu, mdomo umejaa hadithi. Jicho likang'aa kama sahani iliyooshwa. Jirani akacheka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Fundi alikuwa nyuma ya mlango na bakuli la supu aliyoipika mwenyewe. Miaka tisa ya kuogesha, kugeuza na kufua mashuka, na bado alikionea wivu hata kigoda alichokalia mdogo wake.

Tunu aliondoka Jumapili mchana, bila kumuaga mama aliyekuwa amesinzia. Fundi akakigeuza kiti cha mama kikaelekea dirishani, akaanza kumhudumia kutokea nyuma, kimya kimya. Alimchana nywele, akamfunga shuka, akamlisha. Jicho likabaki jeupe alasiri nzima.

Jioni mama aliushika mkono ulioshika kijiko, akavipapasa vile vidole vilivyotobolewa na sindano, akavibusu.

"Tunu wangu," alisema, "nilijua hutaniacha peke yangu na dada yako."

"Siwezi, mama," fundi alijibu kwa sauti ya mdogo wake, akachota kijiko kingine.