Kaka Aliyewekwa Mezani

Wifi alikuwa anachekecha unga kwa mara ya pili, maana ulikuwa wa bei ya chini na pumba zake hazikuisha, mumewe alipoingia, akatundika ufunguo wa lori kwenye msumari wa ukutani na kuvua viatu. Alikuwa amekufa tangu mwisho wa mvua. Majambazi walimpiga risasi kwenye barabara ya kaskazini akiwa na shehena ya mahindi, na tangu azikwe alirudi nyumbani kila jioni, tena mapema kuliko alipokuwa hai. Mkewe hakuacha kumkumbusha hilo.

"Unga umefika bei gani?" aliuliza marehemu, kama kawaida yake.

Mkewe akamtajia. Marehemu akatikisa kichwa na kukaa kwenye kiti chake. Kula hakula, lakini alipakuliwa vilevile, na baadaye sahani yake ikagawiwa watoto.

Dada mdogo wa marehemu alikuwa mezani hapohapo, akiandika swali. Alikuwa mbunge, na watu walimwita Sindano kwa jinsi maswali yake yalivyowachoma mawaziri. Kuchomwa walichomwa kweli. Walijikuna kidogo, wakaendelea na yao. Safari hii alitaka kujua kwa nini watu wanauawa kwenye barabara ya kaskazini, na kama serikali ina habari kwamba malori sasa yanazunguka njia ndefu, na mafuta ya mzunguko huo yanalipwa na kila anayenunua unga.

Kesho yake akauliza. Waziri wa Usalama, mtu mnene mwenye sauti laini, alijibu kwamba barabara ya kaskazini ni salama kama sebule. Waziri wa Biashara akasema bei ni himilivu. Sindano akasimama na swali la nyongeza, akasema kaka yake, tumbo moja, aliuawa kwenye sebule hiyo. Waziri wa Usalama akaomba utaratibu: mheshimiwa alete ushahidi, au afute kauli. Spika akakubaliana naye. Ushahidi uwekwe mezani kesho, la sivyo mheshimiwa atakaa nje ya Bunge mpaka mkutano uishe.

Jioni hiyo Sindano alimwomba wifi kwanza, kama ilivyo adabu. Wifi hakupenda. Alisema Bungeni ni mahali ambapo watu huenda na kusahau njia ya kurudi, na alikuwa akimtazama Sindano alipolisema hilo. Mwishowe akalegea.

"Unirudishie kabla giza halijaingia," alisema. "Jioni ni zangu."

"Nitamleta mwenyewe, wifi. Neno langu hilo."

Kaka hakuwa na kinyongo. Aliuliza tu kama ni lazima kuvaa tai. Ilikuwa lazima, wakaazima kwa jirani.

Kwenye lango la Bunge mashine ya ukaguzi ililia. Askari akamuuliza ana nini mwilini, naye akajibu kwamba ana risasi, bado zimo. Askari akamuuliza kama anaweza kuzitoa. Akasema amejaribu. Basi askari akamwambia asije akazitumia ndani, akampisha.

Kanuni zilimkataza mgeni kukanyaga ukumbi wa wabunge, hivyo palikuwa na njia moja tu ya kumwingiza. Sindano alimshika mkono mpaka mbele ya Spika, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kuweka mezani." Kaka akapanda kwenye meza kubwa, akakaa kando ya siwa, rungu la heshima la Bunge, akasogeza tai ya watu pembeni na kufungua vifungo vya shati. Wabunge wa upinzani wakapiga meza kwa furaha.

Waziri wa Usalama alivaa miwani, akachungulia tundu moja baada ya jingine bila haraka. Akamshukuru mheshimiwa kwa ushahidi mzuri. Serikali imeupokea, alisema, na inaufanyia kazi. Kaka akanyoosha mkono ataje mahali inapopinda barabara, pale alipovamiwa, lakini Spika akakumbusha kwamba kielelezo hakizungumzi. Akaushusha. Waziri wa Biashara akaongeza kwamba, kwa mujibu wa ushahidi huo, kaya ile sasa ina mlaji mmoja pungufu, nafuu ambayo serikali haiwezi kujisifia peke yake. Upande wake nao ukapiga meza.

Bunge lilipoahirishwa, madirisha yalikuwa yameanza kufifia. Sindano alimwendea kaka yake, akamwambia washike njia, wifi anangoja. Katibu wa Bunge, mpole ndani ya joho lake jeusi, akakohoa. Kilichowekwa mezani, alisema, ni mali ya Bunge, na hakitoki.

"Kanuni hiyo tuliipata kwako, mheshimiwa," alimalizia kwa upole.

Ilikuwa kweli. Kuna waziri aliwahi kuweka taarifa mezani asubuhi na mchana akaondoka nayo ndani ya koti. Sindano alipigana kufa na kupona kwenye kamati ya kanuni mpaka ikaandikwa kwamba kikishafika mezani hakiondoki, na siku kanuni ilipopitishwa aliwanunulia wajumbe wote soda. Kanuni nzima aliijua kwa moyo. Hakuifikiria hata mara moja, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa kwenye uso wa waziri utakavyokuwa. Akauliza kama anaweza kufuta kauli. Katibu akasema kauli hufutwa, ushahidi haufutwi.

"Nenda, mdogo wangu," alisema kaka. "Usimwache na giza peke yake."

Wifi alikuwa amesimama jikoni na chekecheo mkononi. Alimtazama Sindano, kisha akatazama mlango nyuma yake, akaendelea kuutazama mlango mpaka Sindano alipomaliza kusema. Sindano alitamani apigwe hata kofi.

"Majambazi walininyang'anya mume, wakaniachia jioni," alisema wifi. "Umebeba na jioni."

Akapakua, sahani moja pungufu. Msumari wa ukutani ulikuwa mtupu. Sindano akasaidia kugawa vijiko, kwa aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

Tangu hapo, siku za maswali wifi huja na shati lililofuliwa, akamkabidhi askari wa Bunge, kisha akapanda jukwaa la wageni. Mgeni haruhusiwi kusema, na kielelezo vivyo hivyo. Kaka humwinulia nyusi kutoka mezani, naye humwonyesha bei ya unga kwa vidole. Mwanga ukianza kupungua, kaka hutafuta viatu kwa miguu, na askari humwekea mkono begani, pole pole, mpaka atulie.

Juzi aliuawa dereva mwingine kwenye barabara ileile. Sindano alisimama kuuliza, na kuuliza pia kaka yake atarudishwa lini. Jukwaani vidole vya wifi havikutosha, akalazimika kuanza upya na mkono wa kwanza. Kaka akatikisa kichwa. Waziri wa Usalama akainuka na makaratasi yake, akaanza kwamba barabara ya kaskazini ni salama, kisha akasita, maana meza ilikuwa imejaa. Kaka akasogeza magoti kidogo, Waziri apate pa kuweka majibu.