Bomba Lililokauka Saa Sita

Maji yalifika zahanati siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje wamejifunga mashuka. Lakini ilipofika saa sita mchana mfereji ulikohoa mara mbili, ukatema povu, ukanyamaza. Jumanne ikawa vivyo hivyo: asubuhi maji, mchana hakuna. Jumatano pia.

Fundi aliyeunganisha bomba lile alikuwa Ndinda, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa vilima hivyo hivyo vya Mbooni, Ukambani. Katika chuo cha ufundi alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja. Mwaka huo wa 1987, kanisa lilipowapa wanawake wa kikundi cha kijiji bomba la plastiki jeusi, kuna waliotaka aletwe fundi kutoka mjini. "Wa kwetu yupo," alisema mwenyekiti, Mama Nzuki, na maneno yakaishia hapo.

Mtaro walikuwa wameuchimba wenyewe kwa mwethya, kazi ya kusaidiana ya kijiji, kila Jumanne na Ijumaa, viangazi viwili mfululizo, kutoka chemchemi iliyo juu msituni mpaka zahanati iliyo chini bondeni. Ni mahali pamoja tu majembe yaliposhindwa. Palikuwa na mwamba mpana ulioinuka katikati ya njia, na hapo bomba lilipanda juu yake likiwa wazi, hatua kama sitini, kisha likateremka tena kuingia udongoni.

Ndinda alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mtihani wa chuo aliufaulu vizuri, lakini masomo ya joto na mwendo wa maji aliyameza tu kama mtu anavyomeza kwinini, bila kutafuna. Hewa ikipata joto hutanuka. Maji hufuata njia iliyo rahisi. Sentensi hizo angeweza kuzisema kama mstari wa Biblia wa shule ya Jumapili, neno kwa neno. Lakini ungemuuliza zina maana gani, angetazama viatu vyake.

Alhamisi kamati ya kikundi ilikaa kwenye benchi za zahanati. Katibu wao, Mzee Muthama, mwalimu mstaafu aliyezoea kusikilizwa, alisimama na daftari mkononi.

"Shida ni ule mwamba," alisema. "Maji hayapendi kupanda. Tung'oe bomba pale, tuchimbe mtaro mpya tuuzunguke mwamba kwa chini."

"Ni mbali gani kuuzunguka?" aliuliza Mama Nzuki.

"Nimepima kwa miguu. Ni kazi ya miezi mitatu."

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma aligeuza viganja vyake juu akavitazama, kama anayejiuliza kama bado vina nafasi ya malengelenge mengine.

"Mzee," Ndinda alisema, "mwamba uko chini ya chemchemi. Ungekuwa juu yake, maji yasingepita hata asubuhi. Na asubuhi yanapita."

"Basi mchana yanazuiwa na nini?"

"Hilo sijalijua bado," alisema Ndinda. Masikio yalimwaka moto.

"Tumpe fundi wetu mpaka Jumamosi," alisema Mama Nzuki. "Akishindwa, tutachimba."

Kesho yake Ndinda alipanda mpaka kwenye mwamba alfajiri, akaushika ule mpira mweusi wa bomba. Ulikuwa baridi, na aliweka sikio akasikia maji yakipita ndani, yakigugumia kidogo kidogo. Akateremka kukagua viungo kimoja kimoja mpaka zahanati. Hakuna kilichovuja. Akapanda tena. Alipofika mwambani jua lilikuwa utosini, na alipoushika mpira aliondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria. Akaweka sikio karibu. Kimya.

Alikaa kwenye kivuli cha kichaka, amechoka, kiu imemkaba. Mtungi wake wa plastiki alikuwa ameuacha juu ya jiwe tangu asubuhi, una maji kidogo tu chini. Alipouinua aliona umefura. Mbavu zake zimetuna kama za mbuzi aliyekula majani mabichi. Alifungua kifuniko, nao ukatoa pumzi ndefu, *fyuuu*, kisha ukarudi umbo lake.

Ndinda hakunywa. Aliufunga tena, akauweka juani, akangoja. Ukafura. Akaufungua. *Fyuuu.* Akaupeleka kivulini umefungwa, akaufunika kwa majani mabichi ya kichaka, na baada ya muda ubavu ulibonyea ndani wenyewe, bila kuguswa.

Maji yalikuwa yale yale, hakuyaongeza wala kuyapunguza. Kilichofura na kunywea ni hewa iliyokuwa juu yake.

Aliutazama mpira mweusi pale ulipopinda juu ya mwamba. Hewa inaingia na maji kutoka chemchemini, akawaza, na hewa hupenda kukaa juu, na hapa ndipo juu. Imekaa hapo haina pa kutokea. Asubuhi baridi imeikunja, maji yanapita chini yake kwa shida, ndiyo maana yanagugumia. Mchana jua linaupasha mpira, hewa inafura, inaziba koo lote. Alijikuta anaisema ile sentensi ya chuoni kwa sauti, hewa ikipata joto hutanuka, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na uzito, kama kitu unachoweza kukishika mkononi.

Aliteremka mbio kumtafuta Mama Nzuki.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama, "ninataka kukata bomba."

Mama Nzuki alikuwa anapepeta maharagwe. Aliweka uteo chini. "Kulikata bomba letu?"

"Pale juu kabisa ya mwamba. Niweke koki ndogo inayotazama juu, hewa itoke. Halafu tuufunike mpira kwa udongo, jua lisiufikie."

"Una hakika?"

Ndinda alitaka kusema ndiyo upesi, lakini hakuweza kumdanganya mama yule. "Nina hakika na sababu. Koki sijawahi kuijaribu."

Mama Nzuki aliuchukua tena uteo wake. "Hiyo inanitosha," alisema.

Jumamosi saa tano na nusu karibu kikundi chote kilikuwa kimepanda mwambani, na Mzee Muthama pia, na fimbo yake. Ndinda alilikata bomba kwa msumeno. Aliunganisha koki, akakaza kwa spana mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe, kisha akangoja saa sita ipite ili shida yenyewe ifike. Mpira ulipokuwa umenyamaza kabisa, akaifungua.

Hewa ilitoka kwa kishindo, yenye joto, yenye harufu ya plastiki. Ikaendelea kutoka kwa muda hata Ndinda akaanza kuogopa kwamba itatoka mpaka jioni. Halafu koki ilitema, ikatema tena, na maji yakaruka juu yakamlowesha uso na kitambaa cha kichwani. Akaifunga. Ndani ya mpira maji yalikuwa yanapita, hayagugumii tena.

Kutoka bondeni ilisikika sauti ya muuguzi, nyembamba kwa umbali lakini wazi: "Yamekuja! Yamekuja!"

Mwanamke aliyetazama viganja vyake siku ya kamati alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Wenzake walidhani analia. Alipoinua uso alikuwa anacheka.

"Miezi mitatu," alisema. "Mungu wangu, miezi mitatu!"

Mzee Muthama alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya fimbo yake. "Fundi," alisema, "mimi nilifundisha watoto miaka thelathini kwamba hewa ikipata joto hutanuka. Sikuwahi kuiona ikitanuka." Kisha akachukua karai, akaenda kuchota udongo pamoja na wanawake.

Waliufunika mpira wote mpaka saa tisa, wakapanga mawe kando ili mvua isiubomoe udongo. Saa kumi muuguzi alituma habari kwamba tangi la zahanati limejaa na kwamba ameufunga mfereji kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hana tena chombo cha kujaza.

Ndinda alioga nyumbani kwa Mama Nzuki, akapewa leso kavu. Walipomletea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, aligundua kwamba tangu Jumatatu hakuwa amekula akashiba. Alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Ya pili aliiomba mwenyewe.