Kiti cha Baba

Jirani yao, yule wanayemwita Redio, anatangaza kila apitapo kwamba Meneja alimfukuza babake mezani mbele ya wageni, sahani ikarushwa nje kama chakula cha kuku. Mwongo. Hakuna sahani iliyorushwa. Lililotokea lilikuwa dogo kuliko hilo, na ndiyo maana linamtafuna Meneja.

Mahindi yalipowatupa mkono, familia ilipaka ghala chokaa, ikaweka vitanda na vyandarua, ikawakaribisha watu wa mjini waje kulala shambani na kujifunza kukamua. Binti ndiye aliyepewa kuwapokea, na jina la Meneja alipachikwa na baba mwenyewe, kwa utani.

Asubuhi ya wageni wa kwanza alitandika kitambaa cheupe, akajiona mwenye hoteli. Mara baba huyo, katoka zizini, samadi hadi magotini, suruali imefungwa kwa kamba. Akavuta kiti.

"Na huyu mzee ni nani?" mgeni mmoja akauliza, tena kwa tabasamu.

"Kibarua wetu," binti akajibu.

Baba akakirudisha kiti polepole, kisikwaruze sakafu. "Samahani, Meneja. Nimekosea mlango."

Baba angemgombeza, binti angepumua. Mzee hakugomba. Alishika ukibarua wake barabara: anabisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga, anakula jikoni kwenye kigoda, anamwamkia bintiye wa kumzaa, "Shikamoo, Meneja." Wageni hucheka. Binti hutamani ardhi immeze.

"Mama, niombee msamaha basi."

"Thubutu! Ulimvua ubaba peke yako, kamvishe peke yako."

Leo wageni wapya walipoketi kunywa chai, binti aliiacha birika mezani akashuka zizini. Nao wakamfuata na vikombe vyao, wakidhani kukamua kumeanza. Baba alikuwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yakipiga ndoo. Binti akapiga magoti kwenye samadi na gauni lake la wageni.

"Huyu ni baba yangu," akawaambia. "Shamba lake, nyumba yake. Wenzenu waliotangulia niliwaambia ni kibarua. Nilimwonea haya."

Akamgeukia mzee.

"Baba, njoo ukae mezani. Hivyo hivyo ulivyo. Nakuomba, baba."

Mzee akafuta mkono kwenye suruali, akashika chuchu nyingine, akaendelea kukamua, bado kibarua.