Moyo wa Mzambarau

Dada mtu aliweka patasi katikati ya kile kipande cha gogo, akagonga mara moja, kisha mkono ukagoma. Akabaki amesimama. Ndipo hodi ikapigwa. Akaisukuma patasi chini ya meza, akapitisha rola ya wino mweusi juu ya kipande chote, haraka haraka, akaenda kumfungulia mdogo wake.

"Uko wapi?" mdogo mtu aliuliza, hata salamu hakuna.

Alikuwa anauulizia mzambarau alioupanda marehemu mama yao nyuma ya nyumba. Dada mtu aliukata bila kumshirikisha. Fundi wa msumeno alimwambia umeoza moyo, siku yoyote utaangukia paa, naye kwa woga wake akameza maneno bila kutafuna. Alipompigia simu kumweleza, mdogo mtu alijibu: "Nakuja kuuchapa kwenye karatasi kwa mkono wangu, niuone huo moyo. Kama ulikuwa mzima, mimi na wewe basi." Na huyo si mtu wa kutania.

Basi, ili kipande cha gogo kichapike, dada mtu alikisugua kwa msasa, akakibabua kwa moto, akakipiga brashi ya waya mpaka pete za miaka zikasimama, na hapo nguvu zikamwishia. Pete zilikuwa nzima hadi katikati. Tundu dogo tu la patasi, lifanane na uozo, lingeweza kumwokoa.

"Shika huko," mdogo mtu alisema.

Karatasi ilikuwa pana, haiwezi kulazwa na mtu mmoja. Walikuwa wamejifunza uchapaji pamoja, kwa hiyo hawakuhitaji kuhesabu. Waliishusha taratibu, macho hayakutani, ikatua bila kikunyanzi. Mdogo mtu akachukua kijiko cha mti, akaanza kuisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, kutoka ukingoni kwenda ndani. Pete zilijitokeza kwa mbali kwenye karatasi. Kijiko kilizunguka, kikakaribia moyo. Dada mtu alitamani ardhi immeze.

Karatasi ikabanduliwa.

Mti mzima ulikuwa pale, mweusi, pete ndani ya pete. Katikati kabisa palikuwa na alama ndogo nyeupe.

Mdogo mtu aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. "Uozo hauna kona," alisema. "Hii ni patasi."

"Ndiyo."

"Ulitaka kunidanganya."

"Nilitaka. Nikashindwa."

"Ulishindwa, au nilibisha hodi?"

"Niliacha kabla hujabisha." Dada mtu aligusa ukingo wa kipande. "Nilishamkata Mama mara moja, mdogo wangu. Ya pili sikuiweza."

Hakukuwa na namna ya kuthibitisha, na wote wawili walijua. Mdogo mtu alijifuta wino vidoleni. Alikuwa na hasira, na huzuni ilikuwa kubwa kuliko hasira. Hatimaye akaitundika ile karatasi kwenye kamba, akaibana kwa vibanio.

"Hii ni yako," alisema. "Ukishakauka wino, itundike mahali utakapoiona kila asubuhi."

Dada mtu aliitikia kwa kichwa. Alisubiri asikie mlango ukifungwa.

Badala yake alisikia rola ikizunguka kwenye wino. Mdogo wake alikuwa amefunua karatasi mpya, ameshika pembe zake mbili, anamsubiri.

"Dada, shika vizuri," alisema. "Inayofuata ni yangu."