Kwapa la Shimizi ya Lady Augusta

Gwenda Tuckwell, muuguzi mstaafu wa mjini Bath, alitumia majuma kumi na moja kushona kwa mkono shimizi ya kitani, nakala ya ile iliyokaa miaka mia mbili na ushei mpaka ikawekewa kabati la kioo kwenye makumbusho. Alihesabu kila mshono kwa kioo cha kukuzia. Kwapa la kushoto la shimizi ile lilikwenda upogo, na Gwenda naye akalipeleka upogo vilevile, maana wanaoshona nguo za kale huogopa kusahihisha kitu kuliko wanavyoogopa moto. Mkuu wa makumbusho, Dakta Treadgold, alikuwa ameuandikia upogo huo kurasa arobaini. Aliuita ubunifu wa kimwinyi.

Jumanne saa nne asubuhi Gwenda alikata uzi wa mwisho, na shimizi ikajaa mwanamke. Alikuwa mnene kidogo, vidole vina sugu. Alijitazama kwapani kwanza.

"We mama, huna macho? Hapa nilikuwa na homa, nikakata vibaya. Na wewe umeharibu makusudi?"

"Nimenakili tu," alisema Gwenda, akabandika birika. "Hebu niambie, suruali za ndani kweli mliziacha wazi pale kati?"

"Sasa ungekojoaje, na masketi yote yale juu?"

Gwenda aliliandika hilo kwenye daftari.

Mwanamke aliitwa Hester Pobjoy, mshonaji. Shimizi ile ya makumbusho aliimaliza Jumamosi, akafa Jumatatu. Alitaka jambo moja tu: jina lake kwenye kadi ya kabatini, kwa sababu Gwenda alikuwa amemwambia kwamba kadi ilisema nguo ile ilishonwa na Lady Augusta Fenn kwa mikono yake mwenyewe.

"Yule? Hata tundu la sindano hakujua liko upande gani!"

Gwenda alimvika koti la mvua, wakaenda. Dakta Treadgold aliwakaribisha biskuti, kisha akauliza kama kuna ushahidi.

"Si mimi huyu hapa?"

"Nakuona, bibie. Ila makumbusho yanataka maandishi. Na wafadhili wetu ndio hao kina Fenn."

Alimwomba ainue mkono, akalichungulia kwapa kwa muda mrefu, akathibitisha kwamba ni la kimwinyi. Halafu akampa kazi ya kusimama kabatini badala ya sanamu iliyovalishwa shimizi, ambayo haikuwa na nyonga. Hester alikubali, mradi kadi ibadilishwe.

"Itabadilishwa," alisema Dakta.

Alhamisi kadi ilikuwa mpya kweli, ya herufi za dhahabu. Watu walishapanga foleni, na Dakta alikuwa ameshika mlango wa kabati. Hester, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma, alimvuta Gwenda mkono.

"Nisomee, dada."

Gwenda aliisoma kimya. Lady Augusta Fenn, kwa mikono yake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hester Pobjoy," alisema. "Mshonaji."

"Rudia."

Gwenda akarudia kwa sauti zaidi, na Hester akaingia kabatini.